Kumchuja Askari kwa Haki



Kijana anayeomba kazi ya upolisi anaomba madaraka ambayo vijana wengi wa rika lake hawatayashika maishani. Akishamaliza mafunzo ataweza kumkamata mtu mzima barabarani, kumweka mahabusu, kuandika maelezo yatakayosomwa na hakimu, na siku nyingine kubeba bunduki. Karani asiyefaa atachelewesha faili, lakini askari asiyefaa anaweza kuua. Kwa hiyo namna tunavyomchagua inamhusu kila mtu anayepita njiani, na namna tunavyowakataa wale wengine inawahusu wao na wazazi wao waliouza mbuzi ili wapate nauli ya kwenda kwenye usaili.

Nitakaa zaidi Marekani, maana huko mitihani ya kuajiri polisi imefikishwa mahakamani mara nyingi tangu miaka ya 1970, na hukumu zimeacha kumbukumbu ya wazi: maswali yalikuwa ya namna gani, nani alifaulu, nani alianguka, na kila upande ulijitetea vipi. Baadaye nitarudi kwetu Afrika Mashariki.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, aliyetaka kuwa askari katika jiji la Washington alipaswa kufaulu karatasi iliyoitwa Test 21. Ilikuwa na maswali 80 ya kuchagua jibu, na alama ya kupita ilikuwa 40. Ilipima msamiati, usomaji na ufahamu. Ilitungwa na Tume ya Utumishi wa Umma ya serikali kuu, ikatumika katika kazi nyingi za serikali, na polisi wakaichukua kama ilivyo. Waombaji weusi walianguka kwa kiwango cha mara nne hivi ya weupe. Waliokataliwa wakaenda mahakamani, na kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, iliyotoa uamuzi tarehe 7 Juni 1976 katika shauri la Washington v. Davis. Jiji likashinda. Jaji Byron White aliandika kwamba Katiba haivunjwi kwa sababu tu mtihani umewaangusha watu wa rangi moja zaidi kuliko wengine. Lazima ionekane nia ya kubagua.

Wanasheria wameijadili sana sehemu hiyo ya hukumu, nami sitairudia. Ninachotaka mkitazame ni ushahidi uliotolewa kuonyesha kwamba Test 21 ilikuwa inafaa. Jiji lilisema hivi: waliopata alama nyingi kwenye Test 21 walipata pia alama nyingi kwenye mitihani ya chuo cha polisi. Mahakama ikaridhika. Lakini mitihani ya chuo nayo ilikuwa karatasi na kalamu. Isitoshe, mahakama ya rufani ilikuwa imekwisha kuona kwamba kuruta akishaingia chuoni alielekea kuhitimu vyovyote alivyofanya kwenye Test 21. Kwa hiyo karatasi moja ilitabiri karatasi nyingine, na hiyo ya pili haikumzuia mtu. Kati ya Test 21 na askari anayeamua ugomvi wa mume na mke saa nane za usiku hapakuwa na daraja lolote lililojengwa. Jaji William Brennan, akiungwa mkono na Thurgood Marshall, aliupinga uamuzi huo kwa maandishi, na kwa mtazamo wangu upande wao ndio uliokuwa na hoja nzito zaidi kuhusu mtihani wenyewe.

Naomba nieleweke vizuri hapa. Sisemi kwamba kusoma hakuna maana katika kazi ya polisi. Askari asiyeweza kusoma hati ya upekuzi na kuielewa ni hatari kwa raia na kwa mwenziwe. Huenda hata ingepatikana njia ya kuonyesha kwamba usomaji wa kiwango fulani unahitajika. Kosa ni kwamba jiji liliwakataa watu kabla ya kuionyesha njia hiyo.

Miaka mitano kabla yake, Mahakama hiyohiyo ilikuwa imesema jambo jingine kuhusu sheria ya ajira. Kampuni ya umeme ya Duke Power ya North Carolina ilianza kudai ufaulu wa mitihani miwili ya jumla, Wonderlic na Bennett, kwa wafanyakazi wa kituo chake cha Dan River. Mitihani hiyo ilianza tarehe 2 Julai 1965, siku ileile Sheria ya Haki za Kiraia ilipoanza kutumika makazini. Pamoja na mitihani hiyo palikuwa na sharti la cheti cha sekondari. Wazungu walioajiriwa zamani bila cheti wala mtihani waliendelea kufanya kazi vizuri. Katika hukumu ya Griggs ya mwaka 1971, Jaji Mkuu Warren Burger aliandika, bila mwenzake yeyote kumpinga, kwamba mtihani unaowaangusha watu wa kundi fulani zaidi lazima mwajiri auonyeshe uhusiano wake na kazi. Mwaka uliofuata sheria ikapanuliwa hadi kwa majimbo na miji, na hapo idara za polisi zikaingia.

Huo ndio msingi wa yote nitakayosema: mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayetunga mtihani. Anayeufanya hana cha kuthibitisha zaidi ya majibu yake.

Mwaka 1978 idara nne za serikali kuu zilitoa mwongozo mmoja, na ndani yake mna kanuni ya nne kwa tano, yaani asilimia 80. Ni hesabu rahisi. Tuseme wanaume 100 wameomba, 60 wamepita; hiyo ni asilimia 60. Wanawake 40 wameomba, 18 wamepita, asilimia 45. Gawanya 45 kwa 60, utapata asilimia 75. Kwa kuwa iko chini ya 80, taa inawaka: onyesha sasa kwa nini sharti hili ni la lazima. Kanuni haisemi kwamba mtihani ni mbaya. Inasema tu kwamba sasa unadaiwa maelezo. Najua kwamba siasa za huko zimebadilika, na Aprili 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuzitaka idara za serikali kuu zipunguze kuisimamia sheria kwa njia hii. Lakini hesabu yenyewe haihitaji amri ya rais. Tume yoyote ya ajira inaweza kuifanya alasiri moja, ikiwa imetunza takwimu zake.

Sasa daraja lile kati ya mtihani na kazi linajengwaje?

Kazi inaanza mbali na meza ya mtunzi. Inaanza kituoni. Watunzi wanakwenda kukaa na askari wa doria, wa kaunta, wa trafiki na wa dawati la jinsia na watoto, katika vituo vya mjini na vya mpakani, wakiandika kila kitu kinachofanywa: kupokea malalamiko, kufungua RB au OB, kulinda eneo la tukio, kutenganisha wanaopigana, kutoa ushahidi mahakamani, kumpeleka mgonjwa hospitali kwa gari la kituo kwa sababu hakuna jingine. Orodha inaweza kufika mamia ya kazi. Kisha askari wengi, wakiwamo wanawake na wale wa mikoa ya pembezoni, wanaulizwa kwa kila kazi: unaifanya mara ngapi, na ikifanywa vibaya madhara yake ni nini? Kutumia bunduki hutokea mara chache, ila madhara yake hayarudishwi nyuma. Kuandika maelezo hutokea kila siku. Zote mbili zina uzito, kwa njia tofauti.

Baada ya hapo linakuja swali ambalo, nionavyo, ndilo linalosahauliwa kuliko yote: je, uwezo huu mtu anapaswa kuja nao siku ya kwanza, au atafundishwa chuoni? Sheria ya ushahidi inafundishwa. Gwaride linafundishwa. Namna ya kumfunga mtu pingu inafundishwa. Ukimuuliza mwombaji vifungu vya sheria ya makosa ya jinai, umempendelea yule ambaye mjomba wake ni askari au aliyekuwa na fedha za kununua kitabu, na hujajua chochote kuhusu askari atakayekuwa baada ya mafunzo. Lakini utulivu, kusikiliza, kukumbuka ulichokiona, kuandika kwa mpangilio, kujizuia unapotukanwa: haya kwa miezi michache ya chuo huyapandi kwa mtu asiye nayo.

Nitawaonyesha swali moja nililolitunga kwa ajili ya jioni hii, ili tusiongee hewani.

Saa tatu usiku uko peke yako kaunta. Mama mmoja ameingia akilia, binti yake wa miaka 14 hajarudi tangu shule ilipofungwa saa tisa alasiri. Kabla hajamaliza kueleza anaingia dereva wa bodaboda anayevuja damu mguuni, anasema amegongwa na gari likakimbia. Simu ya kituo inaanza kuita. Utaanza na lipi? Majibu manne: umwambie mama arudi asubuhi kwa kuwa saa 24 hazijatimia; upokee simu kwanza kwa sababu huenda ni mkubwa wako; umketishe majeruhi, uzuie damu kwa kitambaa, na huku ukimuuliza mama jina la binti na mara ya mwisho alipoonekana; au umwagize kila mmoja aandike maelezo yake mwenyewe wakati unapokea simu.

Swali hili halihitaji sheria wala Kiingereza cha vitabuni. Linahitaji kuona lipi haliwezi kungoja. Lakini mimi mtunzi sina haki ya kuamua peke yangu jibu sahihi. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na mtunzi wa mtihani naye huvutia kwake: kwenye malezi yake, shule yake, jiji lake. Kwa hiyo swali linapelekwa kwa askari wazoefu ishirini au thelathini, kila mmoja analijibu peke yake bila kushauriana. Wakigawanyika, swali linatupwa, hata kama mtunzi analipenda. Wakikubaliana, linapelekwa kwa watu wa mikoa mbalimbali watafute neno au hali ambayo mtoto wa kijijini hawezi kuijua. Kisha linajaribiwa. Ni katika majaribio ndipo tunapojua kama waliolijibu vizuri ndio wanaofanya kazi vizuri.

Majaribio nayo yana mitego yake. Njia ya haraka ni kuwapa mtihani askari walioko kazini, kisha kulinganisha alama zao na tathmini ya wakubwa wao. Lakini wakubwa nao wana vipenzi vyao, na askari wabovu kupindukia wamekwisha kufukuzwa, hivyo tunapima watu wanaofanana. Njia bora zaidi ni kuajiri, kungoja mwaka mmoja au miwili, na kulinganisha alama za kuingilia na mambo yanayohesabika: malalamiko ya raia, mashauri yaliyofutwa kwa maelezo mabovu, utoro. Inachukua muda na fedha, na wanasiasa hawana subira nayo.

Elimu ya jambo hili bado inasogea, na inafaa watunzi wetu wajue. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya tafiti za miongo mingi wakasema kwamba mtihani wa akili ya jumla una uwiano wa 0.51 na utendaji kazini, kiwango kilekile cha mahojiano yaliyopangwa. Idara nyingi zilizishika namba hizo kama msahafu. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizipitia upya hesabu hizo wakaona kwamba zilikuwa zimesahihishwa kupita kiasi. Mtihani wa akili ukashuka hadi 0.31, mahojiano yaliyopangwa yakabaki juu kwa 0.42, na mahojiano ya kupiga soga, yale ya "jieleze, unatoka wapi, kwa nini unapenda polisi", yakaonekana kuwa na 0.19 tu. Mahojiano yaliyopangwa ni yale ambayo kila mwombaji anaulizwa maswali yaleyale, na kila msaili anaandika alama yake kwa kufuata mwongozo kabla hajasikia wenzake wamesema nini. Hayahitaji mashine wala mtaalamu wa kigeni. Yanahitaji nidhamu tu, na katika usaili mwingi nidhamu hiyo haipo.

Nimezungumza karatasi, nigeukie miguu, maana kwetu mchujo mara nyingi huanza na mbio.

Mwaka 1991 SEPTA, mamlaka ya usafiri ya Philadelphia, ilianza kuwadai waombaji wa polisi wake wakimbie maili moja na nusu, yaani kama kilomita 2.4, kwa dakika 12. Mtaalamu aliyeshauri alikuwa ameweka kiwango cha matumizi ya oksijeni cha mililita 42.5 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Kwa wastani wa miaka ya 1991, 1993 na 1996 walipita asilimia 12 ya wanawake, na karibu asilimia 60 ya wanaume. Wanawake watano wakashtaki. Ushahidi uliotolewa unastahili kusomwa na kila ofisa wa ajira. Askari waliokuwa kazini tayari walipimwa mara kwa mara na wengi wakashindwa, wala hawakuadhibiwa. Wapo waliopandishwa vyeo na kusifiwa. Na kwa kosa la makaratasi aliajiriwa mwanamke mmoja ambaye hakuipita mbio ile. Mwanamke huyo akatunukiwa, akapendekezwa mara kadhaa kwa tuzo ya askari bora wa mwaka, na kamanda mmoja alieleza kwamba angefurahi kupata wengine kumi kama yeye.

Mwaka 1999 mahakama ya rufani ilisema kwamba "zaidi ni bora" haitoshi. Kiwango cha kukata watu lazima kiwe kile cha chini ambacho bila hicho kazi haifanyiki ipasavyo. Kesi ikarudishwa chini, na safari hii SEPTA ilileta takwimu: waliopita mbio walitimiza viwango vya kazi kwa asilimia 70 hadi 90, walioshindwa kwa asilimia 5 hadi 20. Mwaka 2002 mahakama ikaikubali mbio hiyo. Baadhi ya watetezi wa wanawake walihuzunika. Mimi naona kwamba mahakama iliuliza swali sahihi mara zote mbili, ingawa sijaacha kumfikiria yule mwanamke wa kosa la makaratasi. Namba za wastani zilikuwa za kweli, naye alikuwa wa kweli. Mtihani wowote wa kukata kwa mstari mmoja utawatupa nje watu kama yeye, na kwa hiyo mstari usiwekwe juu hata inchi moja kuliko ushahidi unavyoruhusu.

Nikitaja inchi, sina budi kutaja urefu. Mwaka 1977, katika shauri la Dothard v. Rawlinson, Mahakama Kuu ya Marekani ilitazama sharti la jimbo la Alabama kwamba askari magereza awe na urefu usiopungua futi 5 inchi 2 na uzito usiopungua pauni 120. Kwa takwimu za nchi nzima, masharti hayo mawili yaliwaondoa asilimia 41.13 ya wanawake na chini ya asilimia moja ya wanaume. Jimbo lilisema linatafuta nguvu. Mahakama ikajibu: basi pimeni nguvu. Kenya inadai futi 5 inchi 8 kwa mwanamume na futi 5 inchi 3 kwa mwanamke. Yapo makabila na maeneo ambako watu kwa maumbile ni wafupi. Kama kinachotakiwa ni uwezo wa kumburuta mwenzako aliyejeruhiwa, jaza gunia mchanga wa kilo 70 uwaambie waliburute mita ishirini. Atakayeliburuta ameliburuta, awe mrefu awe mfupi.

Kuna makosa ya aina nyingine kabisa, ya kutumia mtihani vizuri na kisha kuusoma kwa dhana. Mwaka 1996 Robert Jordan aliomba uaskari katika mji wa New London, Connecticut, akapata 33 kwenye Wonderlic, mtihani uleule uliotumiwa na Duke Power. Idara iliwaita kwenye mahojiano wale tu waliopata kati ya 20 na 27. Alikataliwa kwa kuwa na alama nyingi mno. Walidhani mwenye akili sana atachoshwa na kazi na kuondoka baada ya kugharimiwa mafunzo. Mwaka 2000 mahakama ya rufani iliiacha idara ifanye hivyo, kwa kuwa wazo lilikuwa na mantiki hata kama huenda si la kweli. Kisheria sawa. Kwa mtunzi wa mtihani ni aibu, kwa sababu "huenda" haiwezi kuwa msingi wa kumnyima mtu kazi.

Tena kuna kosa la wale wanaopenda usawa kama mimi. Kaunti ya Nassau, New York, baada ya kuandamwa mahakamani kwa miaka mingi, ilitunga mtihani mpya kwa kushirikiana na Idara ya Sheria ya serikali kuu. Mwaka 1994 zaidi ya watu 20,000 waliufanya. Zilijaribiwa sehemu nyingi, kisha zilizobaki katika alama ya mwisho zikawa hasa za tabia na historia ya maisha. Usomaji ukabaki kuwa sharti la kupita tu, na mstari wake ukawekwa chini mno, mahali ambapo karibu kila askari aliyekuwa kazini angepita. Mwanasaikolojia Linda Gottfredson aliukosoa vikali, akisema kwamba maudhui ya mtihani yalipangwa ili kupata matokeo yaliyotakiwa. Sikubaliani naye katika mengi, lakini hapo alikuwa na hoja. Ukianza na matokeo unayoyataka na kurudi nyuma kuchagua maswali, huna tena mtihani. Bunge la Marekani lenyewe lilikuwa limekwisha kukataza, mwaka 1991, kurekebisha alama za watu kwa kufuata rangi zao.

Katiba ya Kenya inatoa njia iliyo wazi zaidi. Ibara ya 246 inataka muundo wa Huduma ya Polisi uakisi mikoa na makabila ya nchi. Basi mgawo wa nafasi kwa maeneo utangazwe hadharani, kila mtu aujue, na mtihani wenyewe uachwe upime kinachopimwa. Usawa wa uwakilishi ukifanywa mchana kweupe hauhitaji kuchezea karatasi.

Kenya ina fundisho jingine, na limegharimu sana. Julai 2014 waliajiriwa makuruta wapatao 10,000. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, ilikwenda mahakamani ikilalamikia rushwa na ukiukaji wa taratibu. Tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo Jaji Isaac Lenaola alilifuta zoezi zima, akiona kwamba Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi iliziachia kamati za chini kazi ambayo Katiba imeikabidhi tume yenyewe. Aprili 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa wakauawa na magaidi. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza makuruta hao 10,000 waripoti mafunzoni mara moja, nchi ikajikuta inabishana na amri ya mahakama ikiwa bado matangani. Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi wa Lenaola. Vijana waliokuwa wameshinda kwa jasho lao walipoteza nafasi pamoja na walionunua, kwa sababu zoezi lilifutwa lote.

Watu huzungumzia rushwa katika ajira kama suala la maadili peke yake. Mimi naiona pia kama suala la kipimo. Mtihani unaouzwa unapima ukubwa wa mfuko wa baba. Kwa hiyo namba badala ya majina kwenye karatasi, wasahihishaji wawili wasiojuana, benki ya maswali inayobadilishwa, na mbio zenye saa inayoonekana na kila mtu uwanjani ni sehemu ya uhalali wa mtihani wenyewe kama yalivyo maswali yake.

Wingi wa waombaji nao unaleta tatizo lake. Juni 2014 Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam ulijaa vijana zaidi ya 10,000 waliokuja kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Uhamiaji si polisi, lakini hesabu ni ileile. Hakuna mtihani unaoweza kuwatofautisha kwa haki mtu wa 70 na mtu wa 71. Aliyepata 83 leo angeweza kupata 80 kesho, akilala vibaya. Ukiwa na umati kama huo, wagawe kwa makundi ya alama, uwachukulie walio kundi moja kuwa sawa, kisha uwapeleke kundi zima kwenye kipimo kinachofuata, au upige kura ya bahati nasibu ya wazi mbele yao. Ni haki zaidi kuliko kujifanya kwamba alama moja ina maana ambayo haina.

Na lugha. Tangu 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na kituoni mlalamikaji anaeleza kwa Kiswahili, naye askari anamwandikia kwa Kiswahili. Mtihani wa kumwajiri askari huyo umpe mkasa kwa Kiswahili na umdai taarifa kwa Kiswahili: nani, wapi, saa ngapi, alionekana amevaa nini, nani mwingine aliona. Mwonyeshe picha ya stendi ya daladala kwa dakika mbili, iondoe, mwambie aandike alichokiona. Mtoto wa Kigoma na wa Masaki wataanza mahali pamoja.

Kwa hiyo nina maombi, na nayatoa kwa tume za ajira, kwa majeshi ya polisi na kwa wabunge wetu. Kabla ya zoezi lijalo, chapisheni orodha ya kazi za askari ambayo mtihani umejengwa juu yake. Tangazeni kila kipimo, alama yake ya kupita, na sababu ya alama hiyo. Zoezi likiisha, toeni takwimu za waliopita na walioanguka, wanawake na wanaume, mkoa kwa mkoa, kaunti kwa kaunti. Mwombaji aliyeshindwa apewe alama zake na mahali pa kukata rufaa. Tunzeni karatasi kwa miaka mitatu, na baada ya miaka hiyo tuambieni wale waliopata alama za juu wamekuwa askari wa namna gani. Nanyi vijana mtakaokwenda kupimwa, ulizeni kwa adabu na kwa maandishi: kipimo hiki kinahusiana vipi na kazi? Mna haki ya kujibiwa.